Jumatano za Mwethya

"Saba!" Mwalimu Nzuki alipaza sauti, saa mkononi. "Bado tatu! Usikaze mabega!"

Ndinda alipita mbele ya mama yake kama jiwe lililotoka kwenye teo. Mbithe alikuwa amesimama kando ya uwanja wa shule na chupa ya uji, na hakutazama kasi. Alitazama mguu wa kulia. Ulikuwa ukigusa chini na kuondoka upesi, kama wa mtu aliyekanyaga majivu ya moto.

Miaka minne binti huyu alikuwa amepanda na kushuka vilima vya Mbooni polepole, kilomita thelathini bila kulalamika. Lakini polepole haikutosha. Timu moja ya Nairobi ilimwambia kwamba akimaliza marathoni chini ya saa mbili na dakika arobaini na tano, watamchukua na kumpa mshahara. Marathoni yenyewe sasa ilikuwa imebakiza wiki tatu. Ndiyo maana, wiki tano kabla ya siku hii, Mwalimu Nzuki, aliyekuwa mkimbiaji kabla magoti hayajamkataa, alimwongezea mbio za kasi: Jumanne na Jumamosi, kuzunguka uwanja mara kumi, mbio za kukata pumzi, na katikati dakika mbili za kutembea.

"Na Jumatano ni kupumzika," alisema siku ya kwanza, akimtazama mama mtu. "Kupumzika kabisa. Hata ukiona kuku anakula mahindi uliyoanika, usimfukuze. Mwili hujengwa ukiwa umelala."

Mbithe alicheka tu. Yeye alikulia kwenye matuta. Kwake mtu mwenye afya akilala mchana, ama ni mlevi ama amerogwa. Tena Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya mwethya, akina mama kumi na wawili wakichimba matuta ya mmoja wao leo, ya mwingine wiki ijayo. Nyumba isiyotoa mtu haichimbiwi, na mvua ikikuta shamba halina matuta, udongo wote unateremka bondeni. Mgongo wa Mbithe ulikuwa umemgomea tangu Januari.

"Kwani Ndinda wako ni kikombe cha wageni, anawekwa kabatini?" Kalekye, mwenyekiti wa kikundi, alimuuliza mbele ya wote. "Ana nguvu za kukimbiza upepo, za kushika jembe hana?"

Wakaangua kicheko. Kicheko hicho Mbithe alikibeba hadi nyumbani.

"Ni asubuhi tu," alimwambia binti yake. "Kuchimba si kukimbia."

"Mwaitu, mama yangu, lakini Mwalimu alisema..."

"Mwalimu analima kwa chaki. Nenda."

Akaenda. Jumatano tano mfululizo Ndinda alisimama ndani ya mtaro akirusha udongo juu, mguu wa kulia ukisukuma sepetu, uchovu wa Jumanne bado haujamtoka. Wiki ya tatu akaanza kusugua muundi wa mguu huo wakati wa kula. Mbithe akamkanda kwa maji moto ya chumvi. Asubuhi akamwona anatembea vizuri, akamtuma tena.

"Mwalimu asijue," alimwonya. "Atakutoa kwenye mbio bure."

"Nane!" Sauti ya Mwalimu ikamrudisha Mbithe uwanjani.

Kwenye kona ya mbali Ndinda akaanguka. Hakujikwaa. Mguu ulikataa tu kumbeba.

Walipomfikia, Mwalimu alipitisha kidole gumba juu ya muundi, taratibu. Alipofika mahali pamoja, padogo kama shilingi, Ndinda akapiga yowe.

"Huu ni mfupa. Lazima upigwe picha leo hii. Na haukuanza leo." Akamkazia macho. "Jumatano ulikuwa unapumzika?"

"Nilikuwa napumzika, Mwalimu."

"Muongo wewe! Nyinyi watoto mkishaonja kasi, mnaiba siku za kupumzika mkakimbie peke yenu. Umejivunja mwenyewe!"

Ndinda akainamisha kichwa. Hakumtupia mama yake jicho hata mara moja, na hilo ndilo lililomkata Mbithe maini. Mtoto amelala chini, mguu umevimba, na bado anamsitiri mzazi. Mbithe angeweza kunyamaza. Mwalimu alikuwa tayari anampigia simu mtu wa boda boda.

"Mwalimu, si yeye." Mbithe alipiga hatua mbele. "Ni mimi. Jumatano nilimpeleka mwethya. Zote tano. Na nilijua mguu unamuuma."

Mwalimu akateremsha simu. "Kuchimba matuta?"

"Kuchimba."

Akamaliza kumwita mtu wa boda boda. Kisha akageuka, akachechemea hadi getini kungojea pikipiki, akawaacha wawili hao kwenye vumbi.

"Mwaitu," Ndinda alinong'ona, "wiki tatu zitatosha?"

Mbithe aliweka chini chupa ya uji. Alipiga magoti, mgongo ukimlilia, akaanza kufungua kiatu, kwa maana mguu ulikuwa ukizidi kujaa ndani yake. Fundo la kamba lilikuwa limelowa jasho, likakazana kabisa. Akaliinamia, akaling'ata kwa meno, akalilegeza kidogo kidogo. Ndinda alishtuka kwa maumivu, lakini mguu hakuuondoa mikononi mwake.