Fungu la Semeni

Hapa Kizwite wananiita Mama Mbwa, na wakiniita hivyo naitika. Msimu ukiisha, wawindaji huwatupa njiani mbwa waliokonda au kuumia. Mimi nawaokota, bwana mifugo anawachanja, kisha nawatafutia mkulima wa kukaa nao. Majirani wanakereka, ndiyo maana jike mmoja mwekundu nilimpa jina la Semeni. Wakitaka, waseme mpaka wachoke.

Semeni alipasuliwa paja na nguruwe pori. Bwana wake, Polikarp, alimbeba nguruwe akamwacha mbwa. Nilimkuta mtaroni, njia ya Ilemba, nikamuuguza mpaka akakimbia tena. Asubuhi moja Stefania, mjane wa Ilemba anayeliwa mahindi na nguruwe, alikuwa amekuja kumchukua. Mara Polikarp akaingia na mwenyekiti wa mtaa.

"Mama Kelvin, huyo mbwa ni wangu," akaniambia. "Nasikia amepona."

"Amepona kwa ugali wangu."

Mwenyekiti, Mzee Adolfu, hapendi kesi ndefu. Akaamua mbwa achague mwenyewe. Polikarp akatoa mfukoni njuga aliyokuwa akimvika Semeni wakienda kuwinda, akaitikisa. Semeni akamkimbilia, akamlamba mikono yote miwili. Niliumia, sitaficha. Stefania akainamisha kichwa.

"Basi, yameisha," akasema Polikarp, akikunjua kamba.

"Hayajaisha." Nikaenda kusimama langoni. "Mwenyekiti, wewe umewinda miaka mingi. Mbwa akikurupusha mnyama, anapewa nini?"

"Fungu lake, hata kama ni utumbo. Mwindaji hali kabla mbwa hajala."

"Basi muulize huyu, fungu la Semeni liko wapi?"

Polikarp akaitazama njuga yake. "Alikuwa anakufa," akasema. "Nyama ningempa ya nini?"

"Aliyemnyima mbwa fungu hana mbwa," akasema Mzee Adolfu. "Rudisha kamba yako mfukoni."

"Lakini mwenyewe amenichagua mimi."

"Amekusamehe," nikamwambia. "Yeye ni mbwa. Mimi sijakusamehe, na hapa langoni nimesimama mimi."

Akaondoka akiutukana ukoo wangu wote. Semeni akataka kumfuata. Nikamkumbatia shingo, akalia mpaka mlio wa njuga ukapotea.

"Dada, hatumdhulumu huyu mbwa kweli?" Stefania akaniuliza.

"Mwache alie," nikasema, nikimkabidhi mbwa wake. "Kule mtaroni hakuwa hata na nguvu ya kulia."