Mgongo wa Bi Nungu

Katika ufalme wa Chumvini, ambako nyasi zilikuwa za wote na chumvi ilikuwa ya Mfalme, kulikuwa na sheria moja tu ambayo hakuna aliyewahi kuinung'unikia. Siku ya Kulamba, mnyama haingii uwanjani na silaha. Mwenye pembe huzisiriba udongo mpaka ncha ziwe butu kama viazi. Mwenye meno ya nje huyafunika, mwenye kwato kali huzivika tope. Tatizo lilikuwa kwa Nungunungu. Miiba yake iko mgongoni, na hakuna Nungunungu anayeufikia mgongo wake mwenyewe. Kwa hiyo sheria ikataka asiribwe na jirani asiye wa ukoo wake. Nungunungu hulala kifudifudi, jirani akamsiriba polepole kwa kwato na kwa pua, huku wakipiga soga na kusengenya wasiokuwepo.

Bi Swala alimsiriba Bi Nungu tangu wakiwa wasichana. Ni Bi Nungu aliyempa jina Siwema, binti mkubwa wa Bi Swala, na ni Siwema aliyekuwa akilia kila mwaka mpaka aruhusiwe naye kupaka udongo kidogo mgongoni kwa shangazi. Nayataja haya mapema kwa sababu baadaye hakuna aliyetaka kuyakumbuka.

Mlangoni pa uwanja alikaa Afande Ngiri, Mkuu wa Ulinzi. Kazi yake ilikuwa kugonga kila mgongo kwa pua, ajue kama udongo umeshika. Ndani, watoto ndio waliopangwa mstari wa mbele, kwa kuwa chumvi ya juu ni laini na ndimi zao bado nyororo. Mfalme Kiboko angetoka topeni, angesema maneno machache marefu, kisha watoto wangeinama kulamba. Wazazi wangesimama nyuma wakitokwa na udenda.

Mwaka ule Afande Ngiri hakuwepo mlangoni. Alikuwa nyuma ya jabali la kifalme akilamba chumvi kabla ya umma, na aliyemwita huko ni Mfalme mwenyewe, eti amuonjee. Wananchi waliukuta mlango mtupu wakafurahi sana, maana hakukuwa na foleni.

Wakaingia pia vijana wawili wa Kinungunungu. Walikuwa wamesiribana wenyewe kwa wenyewe, kwa vumbi lililoloweshwa mate. Walitembea taratibu mpaka mstari wa mbele, wakageuza migongo, wakajitikisa mara moja. Vumbi likaanguka. Nungunungu hushambulia kinyumenyume, na watoto walikuwa wameinamisha vichwa. Mnataka niendelee? Basi jueni tu kwamba miiba iliingilia machoni. Siwema alikufa ulimi ukiwa bado mweupe kwa chumvi. Kijana mmoja alikanyagwa na Pundamilia hadi asijulikane kichwa wala mkia. Wa pili alikimbia.

Jioni ileile Baraza liliitishwa. Baraza la Chumvini hukaa topeni, kwa sababu ngozi ya Mfalme haivumilii jua, na waheshimiwa wote hulazimika kusimama kwenye matope mpaka magotini na kujifanya wanapenda. Ukingoni kulijaa umati. Wengine walilia, wengine walitafuta mtu wa kumpiga.

"Tumeumizwa," alisema Mfalme Kiboko. "Na nani ameumizwa kuliko mimi?"

Bi Swala alikuwa amesimama mbele, damu ya mwanawe ikimkaukia kifuani.

Ndipo umati ukapasuka katikati, wakimkwepa mtu. Alikuwa Bi Nungu. Alikuja peke yake, udongo wa asubuhi bado umemganda mgongoni, ule aliosiribwa na Bi Swala.

"Mtukufu," alisema, "nimekuja na aibu yangu mbele yenu. Aliyekimbia ni mtoto wa dada yangu. Dada yangu anamlaani tangu mchana. Aliyewafundisha ni Kicheche, huko kwenye shimo alilolihama Muhanga, nyuma ya kilima cha mawe mekundu. Wako wachache tu, na sasa hivi wamejificha humo wakingoja giza. Mkienda sasa mtawakuta wote. Nitawaongoza mimi mwenyewe, na wajomba zake wako tayari kumtoa kwa mikono yao, ahukumiwe."

Pundamilia mmoja alianza kutikisa kichwa kukubali. Ikiwa kuna saa ambayo Chumvini ingeweza kuokoka, ilikuwa hiyo, na haikudumu.

Kwa kuwa Bi Nungu aliongeza: "Na tuulizane pia, Mtukufu, ni nani aliyegonga migongo yao mlangoni? Pale palipoachwa wazi pataachwa wazi tena."

Afande Ngiri alimtazama Mfalme. Mfalme alimtazama Afande Ngiri, ambaye bado alikuwa na chembe za chumvi kwenye ndevu.

"Umejuaje?" Mfalme aliuliza.

"Nini, Mtukufu?"

"Hayo yote. Shimo. Mwalimu. Idadi. Saa ya kutoka. Umejuaje?"

"Ni mtoto wa dada yangu. Nimeulizia nyumbani."

"Ameulizia nyumbani!" Afande Ngiri alipaza sauti kuelekea ukingoni. "Mmesikia, ndugu wananchi? Nyumbani kwao wanajua! Wanajua, na watoto wetu wamelala pale bila macho!"

Basi ikawa imekwisha. Umati haukutaka kilima cha mawe mekundu. Kilima ni mbali, kina giza, na Kicheche ananuka. Bi Nungu alikuwa hapa, karibu, na alikuwa na miiba kama ileile.

"Ang'olewe!" mtu alipiga kelele. "Ang'olewe! Ang'olewe!"

Mfalme Kiboko aliinua kichwa kwa huzuni iliyompendeza. "Serikali yenu ni sikivu," alisema. "Mfiwa na aanze."

Walimsukuma Bi Swala mbele. Bi Nungu alilala kifudifudi bila kuambiwa, kama alivyozoea kulala mbele yake miaka yote, akageuza shingo amtazame.

"Shoga," alisema. "Waambie wewe. Wewe watakusikiliza."

Na ni kweli, wangemsikiliza. Jioni ile angeweza kusema neno lolote na jeshi zima lingeondoka kwenda kilimani. Lakini Bi Swala alikuwa akiona macho ya Siwema tu, yaani pale yalipokuwa macho. Akainama, akauma mwiba mmoja, akavuta. Ulitoka na nyama. Wananchi walishangilia mpaka ndege wakaruka mitini, na Bi Swala naye, Mungu amsamehe, alishangilia.

Lililofuata liliitwa Zoezi la Mgongo Laini. Tangazo lilisema litawahusu Nungunungu wote, wakubwa kwa wadogo, kwa usalama wao wenyewe. Wazee waling'olewa kwanza kwa heshima ya umri wao. Vidonda viliingia nzi, nzi wakaleta funza, na Nungunungu wengi walikufa kimyakimya ndani ya mashimo yao, jambo ambalo Afande Ngiri alilieleza Baraza kuwa ni dalili ya utulivu. Alipandishwa cheo. Shimo la Muhanga halikutembelewa na mtu.

Miiba iliyong'olewa iligawiwa kwa wananchi. Kila mzalendo alitoboa sikio akavaa mmoja. Kwanza ilikuwa hiari, kisha ikawa vizuri, kisha mwenye sikio tupu akaanza kuulizwa ana nini moyoni. Desturi ya kusiribana ikafa, maana nani angemgusa Nungunungu? Mlangoni pa uwanja ukawekwa utaratibu mpya, mwepesi na wa kisasa: mwenye mwiba sikioni apite, na Nungunungu mwenye mgongo laini apite pia, kwa kuwa mgongo laini ndio cheti chake cha utii.

Mfalme hakuwahi kupendwa vile. Alipotoka topeni watu walilia kwa furaha. Waliosema "jamani, mbona Kicheche hajakamatwa" waliulizwa kama wanawaonea huruma wauaji, nao wakajibu haraka kwamba hapana, hata kidogo, walikuwa wanauliza njia tu.

Na Kicheche? Alikuwa na wanafunzi wanaotosha kwenye kivuli cha kichuguu kimoja. Baada ya Zoezi ilibidi wachimbe shimo jingine, kisha jingine. Hakuhitaji kuhubiri tena. Aliwaambia tu wageukiane waangaliane migongo.

Mwaka ulizunguka. Mchana wa kuamkia Siku ya Kulamba, Bi Swala alisimama kwenye mdomo wa shimo la Bi Nungu. Kabla ya kubisha hodi aliuchomoa mwiba sikioni, akautupa majanini. Hakutaka kuingia nao humo.

"Hodi, shoga."

"Shoga alikuwa na miiba," sauti ilijibu kutoka ndani.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Wewe uling'oa mmoja tu."

"Ulikuwa wa kwanza."

"Ndiyo," alisema Bi Nungu. "Huo ndio uliouma."

Bi Swala aliingia akainama kwa kuwa dari ilikuwa chini. Hakujua atazame wapi, kwa hiyo akasema alichokuja kukisema. "Kesho mwanangu Kheri analamba kwa mara ya kwanza. Nimeshindwa kula. Kila nikimtazama namwona dada yake. Niambie tu kwamba hakuna kitu. Niambie nina wasiwasi wa mama tu."

"Usimpeleke," alisema Bi Nungu.

"Kwa nini?"

"Mwanangu wa mwisho hakulala nyumbani. Yule uliyekuwa ukimwita mkweo kwa utani. Amekwenda kwa Kicheche, yeye na wenzake. Kesho watapita mlangoni kama watu wengine, migongo yao laini, wakipigiwa saluti. Mifupa wameichonga. Wameifunga tumboni, na matumbo hayagongwi na mtu."

"Ya Rabi! Na wewe umekaa? Mbona hukwenda kusema?"

Bi Nungu aligeuka tu, akamwonyesha mgongo. Kulikuwa na makovu, na kati ya makovu kulikuwa na vidonda vilivyokataa kupona, na juu kidogo, karibu na shingo, lilikuwepo tundu ambalo Bi Swala alilijua kwa sababu yeye ndiye aliyelichimba.

"Nilikwenda," alisema Bi Nungu. "Ulikuwepo. Mfiche mwanao, unyamaze. Hilo nimekupa kwa ajili ya Siwema. Zaidi ya hilo sina."

Angenyamaza, Bi Swala angebaki na mtoto mmoja na ngozi yake. Nusu ya njia alikusudia hivyo. Lakini alipita malishoni, akawakuta watoto wa watu wakifanya mazoezi ya kupanga mstari, wakisukumana ili wawe mbele, na miguu yake ikageuka yenyewe ikampeleka Barazani.

"Ahirisha, Mtukufu!" alilia huku akizama topeni. "Siku ya Kulamba iahirishwe. Watapita mlangoni. Wana mifupa iliyochongwa, imefungwa tumboni. Kagueni matumbo! Hilo tu naomba, kagueni matumbo!"

Mfalme Kiboko alikuwa akikariri hotuba yake, yenye kichwa cha habari kwamba hofu imeshindwa. Hakupenda kukatizwa.

"Umejuaje?" aliuliza.

Bi Swala aligeuka kutazama nyuma. Ukingoni umati ulishaanza kukusanyika, nyuso zilezile, na safari hii akaziona vizuri. Akimtaja Bi Nungu, usiku hautaingia Bi Nungu akiwa hai.

"Nimejua tu," alisema.

"Ametoka kwenye shimo la Nungunungu," alisema Afande Ngiri. "Vijana wangu wamemwona. Na mtazameni sikio."

Wakatazama. Sikio lilikuwa tupu.

"Mimi ni mama yake Siwema!" Bi Swala alipiga kelele. "Mmenisahau? Mimi ndiye niliyeanza kung'oa!"

"Na kumbe ulikuwa na siri nao," alisema Mfalme kwa upole mwingi. "Inaniuma sana."

"Ang'olewe!" ukasema ukingo.

"Hana miiba," alisema Pundamilia, ambaye siku zote alipenda mambo yafanyike kwa utaratibu.

Afande Ngiri alimzunguka Bi Swala, akimpima juu mpaka chini. "Ana kwato," alisema.

Ilichukua muda, kwa sababu kwato hazikuumbwa kung'olewa. Bi Swala alisema "matumbo, matumbo" hadi ya tatu. Ya nne iling'olewa hasemi kitu. Kisha wakaenda kulala mapema, maana kesho yake ilikuwa sikukuu.

Asubuhi mbiu ililia, na wananchi wakaja na miiba yao masikioni, na Nungunungu wenye migongo laini wakapita wakipigiwa saluti. Afande Ngiri hakuwepo mlangoni. Alikuwa ameitwa nyuma ya jabali. Kheri aliulizia mama yake, wakamwambia anakuja. Na kwa heshima ya dada yake marehemu, wakampa nafasi ya katikati, mstari wa mbele kabisa, wakamwambia ainamishe kichwa.