Onyo Kuhusu Kisanduku cha Ihanda

Ketrina na mwenzake Clement walikuwa na karakana ndogo ya vifaa vya umeme Tunduma, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Kazi waliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa kisanduku cha kuwapasha joto watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Kimoja kilikuwa kwenye zahanati moja huko Ihanda, ambako baridi ya Juni haina huruma, na asubuhi hiyo ndani yake walilala mapacha wa Irene, binti wa shangazi yake Ketrina.

Ketrina alikuwa ameweka toleo jipya la kompaila, ile programu inayogeuza msimbo anaouandika mtu kuwa amri zinazoeleweka na mashine. Akaupitisha humo msimbo wa kisanduku, kwa mazoea tu. Maandishi ya njano yakajitokeza: si salama, kipimo cha joto huenda kikaandikwa nje ya nafasi yake.

Akalisoma tena. Kipimo kikiandikwa pasipo pake kinaweza kufuta kikomo cha joto, na kisanduku kikazidi kuchemka watoto wakiwa ndani.

"Kelele hizo," Clement alisema baada ya kutazama. "Kompaila mpya ina woga. Kisanduku kinafanya kazi tangu Pasaka. Zima maonyo yote tuendelee."

"Nikizima yote, siku likija la kweli nitalisikiaje?"

"Hili ni la uongo, Ketrina."

"Huenda. Lakini mapacha wamo ndani sasa hivi."

Akampigia simu muuguzi wa zahanati. "Shikamoo, sista Marita. Naomba uwatoe watoto. Kuna jambo sina hakika nalo."

Marita hakuuliza mengi. "Irene yupo hapa. Nitamfungia wote wawili kifuani, ngozi kwa ngozi. Ila usinikawize, mdogo wangu. Huyu kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, bado hajashika joto vizuri."

Ketrina akaanza kuusoma msimbo kinyumenyume, kutoka pale penye onyo kurudi nyuma. Clement, aliyekuwa amenuna, akanyanyuka bila kuombwa, akaleta kisanduku cha akiba na kukiunga kwenye umeme. Wakakitesa. Walikilisha vipimo vya uongo, wakakikatia umeme ghafla, wakachomoa waya wa kupimia joto. Kila mara kilijirudi, na kipimajoto walichokilaza ndani hakikuvuka kikomo.

"Unaona?" Clement alisema.

"Naona hakijaharibika. Sijaona kwa nini."

Sababu aliikuta kwenye faili jingine kabisa, aliloandika mwenyewe mwaka jana akalisahau. Humo kulikuwa na ulinzi: vipimo vikijaza nafasi yake, hesabu inaanza upya mwanzoni, visiandikwe nje. Kompaila ilikuwa ikitazama faili moja, kama mgeni anayeona mlango wa chumba uko wazi asijue kuwa geti la nje limefungwa. Haikukosea kuuliza. Haikuwa na pa kuonea jibu.

Ketrina akashusha pumzi ndefu. Akalinyamazisha onyo lile moja, kwenye mstari ule mmoja, na juu yake akaandika sababu, ulinzi uliko, na neno kwa yeyote atakayekuja: ukigusa ulinzi ule, rudi hapa.

"Nilikwambia," Clement alisema.

"Uliniambia. Lakini hukuwa unajua, hata mimi sikuwa najua. Sasa tunajua."

Clement akacheka, akakuna kichwa. "Haya. Hapo umenishinda."

Ketrina akapiga simu tena. "Sista, kisanduku ni kizima. Warudishe tu."

"Kwanza ngoja," Marita alisema kwa sauti ya chini. "Wamelala wote, na kulwa amepata joto sawasawa. Kisanduku nimekiwasha, kinawasubiri. Tatizo ni mama yao, hataki kuwaachia."

Kwa mbali Ketrina akamsikia Irene akicheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.