Pima na ya Kiwiko

Mchimba visima alirudi na kamba aliyonunua kwangu, akasimama mbele ya kibanda ameinamisha uso kama mleta habari za msiba. Ndoo yake haikufika majini. Kabla sijajibu akaongeza haraka kwamba pengine maji ndiyo yameshuka, maana visima navyo vina mambo yake.

Nilijua ananisitiri. Kamba nauza kwa pima: nanyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha za vidole vya huku hadi ncha za vidole vya kule. Wachimbaji wamezoea mikono yangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wakisema kisima cha pima kumi, ni pima za Bibi. Lakini niliteleza kwenye ngazi nikavunjika mkono wa kushoto, na plasta ilipotolewa kiwiko kikakataa kunyooka. Mkono ukabaki umejikunja kama umebeba mtoto asiyeonekana. Mimi nilipima kwa mazoea, nikidhani nimenyoosha, kumbe kila pima ilikuwa inamlia mtu kamba yake.

Nilimkatia nyingine yenye ziada. Alipoondoka nilikaa juu ya robota la kamba, moyo mzito. Mtu akishaitwa mpunjaji sokoni, jina hilo halitoki hata kwa sabuni.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amesikia yote. Ni mpagazi, magunia anayabeba mawili mawili, ndiyo maana wanamwita Winchi. Alisema dawa anayo: nimpe mkono auvute mara moja tu, nitalia kidogo na mambo yataisha. La sivyo nikae nyumbani, apime yeye.

"Shemeji, huo mkono umeshastaafu," akasema.

"Basi ustaafu peke yake. Mimi bado niko kazini."

Hakukoma. Alikuja na ndoo iliyojaa maji, akataka niishike ining'inie mpaka kiwiko kisalimu amri. Nikaimwaga mbele ya kibanda, nikamshukuru kwa kutuliza vumbi.

Nilikwenda kliniki kwa binti anayefundisha mazoezi ya viungo. Aliniomba ruhusa kabla ya kunigusa, na viganja vyake alivisugua kwanza vipate joto. Hilo sijalisahau. Alisema daktari ameona picha, mfupa umeunga vizuri. Kilichokaza ni nyama na mishipa iliyozoea kukaa mifupi. Kiwiko kikivutwa kwa nguvu au kuning'inizwa mzigo huvimba, kikakaza zaidi. Akanionyesha: kitambaa cha maji ya vuguvugu kwanza, kisha niulaze mkono mezani, taulo iliyokunjwa iwe chini yake, karibu na kiwiko upande wa bega, kiganja kitazame juu, niuache ushuke kwa uzito wake. Mkono wa pili usaidie polepole, nitulie hapo nikipumua, kisha niachie taratibu. Vidole vikifa ganzi au maumivu yakichoma, niache.

"Bibi, usikie kamba inavutika," akasema, "si kamba inakatika."

Wala hakunidanganya. Alisema huenda kiwiko kisinyooke chote.

Meza ya kibanda ikawa meza ya mazoezi. Nyumbani nilikuwa na kamba ya kufungia godoro, pima moja kamili niliyoikata kabla ya kuanguka. Nikaileta. Nikiinyoosha mikononi, kipande kilichobaki kinaning'inia ndicho upungufu wangu. Mwanzoni kilikuwa shibiri nzima. Kila mteja nilimpimia, kisha mbele ya macho yake nikamwongezea kipande hicho kwa kila pima, nikitamka, "Na hii ya kiwiko." Wakacheka. Baadaye wakawa wanaidai wenyewe: Bibi, ya kiwiko umeisahau.

Siku moja Winchi alinikejeli nikapandwa na hasira, nikaukandamiza mkono kupita kiasi. Ukavimba. Binti wa mazoezi hakunigombeza. Alisema tu kwamba kiwiko hakimjui shemeji yangu, kisionewe kwa ajili yake. Nikapumzika, kisha nikaanza upya, kidogo kidogo.

Nikiwa kliniki siku nyingine, Winchi alimpimia mchimba visima. Shemeji ana mikono mirefu kama milango. Niliporudi nilimkuta mchimbaji kibandani, wateja wamejaa. Safari hii kamba ilizidi, ndoo imelala matopeni chini ya kisima.

"Mimi nataka za Bibi," akasema. "Na ya kiwiko."

Kila mtu aliutazama mkono wangu. Nikauwekea kitambaa cha moto, sikuharakishwa na mtu. Kisha nikaishika ile kamba ya godoro, nikanyoosha. Upungufu ulibaki vidole viwili tu. Winchi, bila kuambiwa, akalishika robota ili kamba itoke bila kunivuta. Nikapima pima zote kumi za kisima chake, kila pima na vidole vyake viwili, nikazihesabu kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza sufuria.

Kesho yake mchimbaji alipita na kamba ile begani. Aliweka ncha yake kiganjani mwangu, nayo ilikuwa imelowa, safi, haina tope.

Winchi akachungulia. "Lakini bado umepinda, Shemeji."

"Umepinda," nikamwambia, "ila haupunji."