Vyumba Viwili Tu

Mumewe alipopata kazi ya ufundi katika kiwanda cha barafu kule visiwani, jambo la kwanza alilolisema, hata kabla ya mshahara, ni kwamba mama yake wanakwenda naye. "Hilo halina mjadala," alisema, akaipiga meza kofi dogo kama mtu aliyezoea kuamua mambo, ingawa nyumba nzima ilijua kwamba hata soksi zake huchaguliwa na wengine. Mkewe, fundi wa mapazia, alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakujibu. Pini zile zilimwokoa, maana angefungua mdomo saa ile yangetoka mengine.

Isieleweke vibaya. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi: mtu angenuna, angelia kwa dada zake, angeonewa huruma. Shida ni kwamba alikuwa mwema, na alikuwa kila mahali. Alikuwa amestaafu ukuu wa chumba cha kufulia katika hospitali ya mji, na tangu astaafu nyumba ndiyo iliyogeuka hospitali. Mkaza mwana akikunja shuka, yeye hulikunjua akalikunja upya, bila neno, huku akitabasamu. Pazia likitundikwa, husimama nyuma akalitazama, kisha akakohoa kidogo kuelekea upande ule ulioshuka. Na ubaya wa kikohozi kile ni kwamba hakikuwahi kukosea. Kweli upande ulikuwa umeshuka. Tangu aolewe, yule binti wa watu hakupata kuwa na shuka lililokunjwa vibaya likaachwa hivyo hivyo, kwa raha zake.

Basi mume alipomwomba atangulie visiwani kutafuta nyumba, kwa kuwa yeye alikuwa bado anakabidhi kazi ya zamani, alijifungia bafuni, akafungulia bomba, akampigia simu dalali.

"Vyumba viwili," alinong'ona. "Kimoja chetu, kimoja cha watoto. Cha tatu kisiwepo. Hata stoo isiwe kubwa."

"Stoo isiwe kubwa? Dada, watu wote wanataka stoo kubwa."

"Mimi nataka isitoshe kitanda."

Ndivyo alivyokusudia. Mumewe angekuta nyumba imeshanunuliwa, nzuri, ya bei nafuu, ila bahati mbaya haina nafasi. Nani angelaumiwa? Nyumba. Moyo ulimsuta kidogo, akaufungia bomba pamoja na maji. Watoto akawapeleka kwa wifi yake, na kwa mama mkwe akaaga kwamba anakwenda kumpimia mteja mapazia. Mama mkwe hakuuliza mengi. Yeye mwenyewe alikuwa na begi mkononi. Alisema anakwenda kulala huko kwa rafiki yake mgonjwa, hata haijulikani atarudi lini.

Dalali alimpokea bandarini kesho yake. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na kiunoni alining'iniza fungu la funguo lililomfanya alie kama kengele kila akipiga hatua, ndiyo maana kule wote walimwita Bwana Funguo. Visiwa vilikuwa vitatu, na majina watu waliyovipa hayakuwatoa jasho: Kikubwa, cha Kati, na Kidogo.

Walianzia Kikubwa. Nyumba ilikuwa karibu na soko na shule, ukuta imara, bati jipya. Madirisha tu ndiyo yalikuwa ya ghala.

"Usikawie kuamua, dada yangu," alisema Bwana Funguo. "Kuna mteja mwingine ameitazama jana."

Fundi wa mapazia alicheka moyoni. Dalali gani hana mteja mwingine? Angekuwa anauza jiwe, mteja mwingine angekuwepo.

"Huyo mteja wako alisemaje?"

"Aliikataa. Alisema uani hakupiti upepo."

Akatoka uani, akasimama. Kweli, hata unyasi haukutikisika. Nguo ingeanikwa pale asubuhi, jioni ingekuwa imeanza kunuka. Akashangaa kidogo, maana wateja wa kubuni huwa wanasifu, hawakatai.

Wakapanda boti ya dalali kwenda cha Kati. Nyumba ya huko ilimvuta tangu getini: baraza pana, jiko lenye dirisha lililotazama maji, na ng'ambo ya maji, karibu kabisa, kisiwa Kidogo. Bei nayo ilikuwa ya kistaarabu. Bwana Funguo alimpitisha chumba kimoja, cha pili, kisha akafungua mlango wa mwisho kwa madaha, kama anayefungua zawadi.

"Na hiki hapa, cha tatu, cha nyongeza!"

Yeye akaurudisha mlango polepole mpaka ukafungika.

"Ajabu," alisema dalali akikuna kichwa. "Mteja mwingine naye kafanya hivyo hivyo. Alisema akiwa na chumba cha wageni, wanawe watamjazia wajukuu likizo nzima."

Alianza kumpenda huyo mteja mwingine. Kumbe duniani kuna watu wenye akili, tena wanatafuta nyumba visiwani.

Kisiwa Kidogo kilikuwa hatua chache tu kwa boti. Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya kiinuko, imepakwa chokaa, ina vyumba viwili na stoo ya kuwekea fagio. Lakini madirisha! Yalikuwa mapana, pande zote mbili, na mwanga uliingia humo bila kubisha hodi. Aliyavisha papo hapo kichwani mwake: pamba nyeupe, nyepesi, isiyo na bitana, ipulizwe na upepo. Akakaa kwenye kizingiti cha dirisha akasikiliza. Hakuna aliyekohoa. Karibu machozi yamtoke.

"Boti zikoje?" aliuliza, kwa ajili ya kuuliza tu.

"Ya abiria huja asubuhi, hurudi alasiri, basi. Mgeni akija lazima aondoke siku hiyo hiyo, labda aogelee."

"Naichukua."

Bwana Funguo akatazama viatu vyake. "Tatizo ndiyo hii anayoitaka mteja mwingine. Leo ananipa jibu. Nimemwahidi kumsubiri."

Hapo ndipo alipopandwa na hasira, akatoka uani kwa kishindo kabla hajasema neno baya. Waya wa kuanikia ulikuwa umefungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, upepo wa bahari ukiuimbisha. Na katikati ya waya kulikuwa na kibanio kimoja cha nguo, cha mbao, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu ya kucha.

Alikijua. Angekijua hata gizani. Mama mkwe alikuwa akipaka vibanio vyake rangi hiyo tangu enzi za hospitali, ili wauguzi wa wodini wasimwibie, na popote alipokwenda alitembea na kimoja mkobani, akining'iniza leso kupima upepo kama wengine wanavyoonja chumvi.

Kwanza alidhani amefuatwa. Kisha akili ikatulia, ikapanga vitu mahali pake: upepo wa uani, mlango wa chumba cha tatu, rafiki mgonjwa.

"Huyo mteja wako," aliita, na sauti ikamtoka nyembamba, "ni mtu wa namna gani?"

"Bi mkubwa mmoja mstaafu. Anauza nyumba yake ya mjini, anataka kuishi peke yake. Anasema amechoka na makelele ya nyumba ya watu wengi."

Hapa alipaswa kucheza ngoma. Alichokuwa akikitamani miaka yote kilikuwa kinaletwa mkononi, hakijamgharimu hata neno moja la ugomvi. Badala yake aliumia. Anatukimbia! Sisi! Nani anayemchujia uji usiwe na mabonge? Nani anayemtungia uzi kwenye sindano macho yakigoma? Amekaa nasi, anatutabasamia, kumbe moyoni anahesabu siku! Alikuwa amekasirika kwelikweli, na haikumpitia kabisa akilini kwamba yeye naye alikuwa amekwenda kule kwa shughuli hiyo hiyo.

Lango likalia. Mama mkwe aliingia, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga wa ufukweni alikokuwa tangu boti ya asubuhi, akisema kwa nguvu tangu njiani, "Bwana Funguo, nimefuata kibanio changu, na jibu langu ni—"

Akamwona mkaza mwana.

"Shikamoo, mama," alisema fundi wa mapazia, maana adabu hutoka yenyewe hata mtu akiwa anazama.

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe akavaa kiatu kimoja. "Mapazia yanapimika?"

"Yanapimika. Rafiki yako anaendeleaje?"

"Ana nafuu."

Bwana Funguo aliwatazama wote wawili, uso ukamng'aa. "Kumbe mnajuana! Basi itakuwa rahisi kuelewana. Bi mkubwa, huyu ndiye yule dada niliyekuhadithia, aliyesema stoo isitoshe kitanda!"

Fundi wa mapazia alitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alisimama na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akirudia polepole, "Isitoshe kitanda."

"Mama, mimi sikumaanisha—"

"Isitoshe kitanda!" Mabega yakaanza kumtikisika. Ilichukua muda kufahamu kwamba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaushika waya asianguke. "Mimi nilimwambia stoo isiwepo kabisa!"

Basi wote wawili wakashindwa kujizuia. Walicheka hadi wakakaa chini kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mbavu hawana, wanafutana machozi kwa leso ile ile ya kupimia upepo. Dalali akajisogeza mbali kidogo, akihofia biashara.

"Sasa mama," alisema mkaza mwana alipopata pumzi, na hapo sauti yake haikuwa tena ya kicheko, "tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea." Mama mkwe alikigeuzageuza kibanio chake alichokichomoa wayani. "Nimefua nguo za watu tangu nikiwa msichana. Nataka nifue shuka moja tu, langu, nilianike, nikae nilitazame likikauka. Na nikiwa nawe siwezi. Nikiona shuka lako, mkono unakwenda wenyewe. Naona unavyoumia, najikanya, kesho yake narudia. Sipendi kuwa hivyo. Lakini niliogopa nikisema, mtaona nimewatupa."

"Na mimi niliogopa utaona tumekutupa."

"Si ndivyo mlivyotaka kufanya?"

"Ndivyo," alisema. Hakukuwa na maana ya kuficha tena. "Ila nilipokiona kibanio chako nimeumia, mama. Sijui hata kwa nini."

Mama mkwe alimpiga kofi jepesi la goti, akaliacha pale pale likakaa.

Kilichofuata kilimnyima Bwana Funguo usingizi. Asubuhi alikuwa na wateja wawili wanaogombea nyumba moja. Sasa alikuwa na wawili wanaoikataa. "Chukua wewe, mama, upepo huu ni wako." "Thubutu! Madirisha haya yanakuita wewe." Hadi akaingilia kati, mikono kichwani, akiwaomba jamani mmoja wao awe na roho mbaya kidogo. Mwishowe mama mkwe akaichukua, kwa sharti kwamba mapazia yashonwe na mkaza mwana. Naye mkaza mwana akatazama ng'ambo ya maji, kwenye lile dirisha la jiko.

"Turudi cha Kati," alimwambia dalali. "Ile yenye vyumba vitatu. Hicho cha tatu nitaweka cherehani."

"Na kitanda?" aliuliza mama mkwe.

"Na kitanda. Chembamba."

Wakapatana kuhusu alama. Kutoka jiko lile waya wa kuanikia ulionekana wazi. Mama mkwe akitaka watu, ataanika shuka jeupe. Waya ukiwa mtupu, aachwe apumzike, na nguo nyingine zozote hazihesabiki. Mume alipoelezwa kwa simu alinuna. "Yaani mama hataki kukaa na mimi?" aliuliza, kwa sauti ya mtoto aliyesahauliwa sokoni. Alipofika akazitazama nyumba zote mbili, na kabla ya wiki kwisha alikuwa akiwaeleza wenzake kiwandani jinsi alivyopanga jambo hilo tangu mwanzo.

Siku za kwanza fundi wa mapazia aliishi kama malkia. Alikunja mashuka ovyo kwa makusudi, akayasukumiza kabatini yakiwa na vitumbo, akafunga mlango kwa goti. Aliimba. Kisha akatundika mapazia yake mwenyewe ya sebuleni, akarudi nyuma hatua, akayatazama, na akajikuta amesimama tu, anasubiri. Upande mmoja ulikuwa umeshuka. Au haukushuka? Alihamia kushoto, akahamia kulia. Hakuna aliyekohoa. Akaenda jikoni, akatazama ng'ambo. Waya ulikuwa mtupu. Ulikuwa mtupu kesho yake, na keshokutwa, na kwenda bila kuitwa hakutaka, maana makubaliano ni makubaliano.

Asubuhi moja, maji ya chai hayajachemka, akaliona: shuka jeupe, kubwa, linapepea. Hakumaliza hata kufunga kilemba. Alinyakua mfuko wake, akaiwahi boti, akapanda kile kiinuko mbio akiwaza homa, akiwaza mguu uliovunjika.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, mzima kabisa, nywele zimesukwa upya.

"Mbona unahema? Kuna nini?"

"Shuka, mama! Nimeona shuka."

"Aa, hilo." Alitazama pembeni. "Nimefua tu. Siku ya kufua haiwezi kungoja alama."

Fundi wa mapazia akalisogelea, akalishika. Lilikuwa kavu, tena kavu la kabatini, lenye joto la jua upande mmoja tu. Na mikunjo ilikuwa bado imesimama juu yake, miraba iliyonyooka, kama alivyojua kukunja mtu mmoja tu. Shuka lile halikuwa limegusa maji.

Alilinyoosha kidogo kwenye waya, akakibana vizuri kibanio chekundu.

"Jua la huku kali, mama. Limekauka haraka."

"Kali sana," alisema mama mkwe.

"Na mimi sikuja kwa ajili ya shuka hasa." Akafungua mfuko, akatoa pazia la sebuleni. "Upande mmoja umeshuka, nimeshindwa kujua ni upi."

Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili, akaliinua kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu, akakohoa.