Mashapo Meupe

Matone ya dawa yaliingia katika neli ya kioo, na hakikutokea kitu. Binti Dobi, jina alilobandikwa darasani kwa kuwa mamaye hufua nguo za watu, akaitikisa neli na kuiinua dirishani. Maji maangavu. Akaongeza matone. Hola.

"Andika mashapo meupe, wewe!" jirani yake akamnong'oneza. "Unangoja yakusalimie?"

Binti akachovya kidole katika chupa ya dawa, iliyoandikwa kostiki, magadi makali yanayopikiwa sabuni. Dawa hiyo huteleza vidoleni, hii haikuteleza. Akanyoosha mkono. Akaja mwalimu wa kemia, yule yule aliyewafunza kwamba kalamu ni shahidi, haiandiki ambalo jicho halikuliona.

"Mwalimu, chupa hii ina maji."

"Mwanangu, huu ni mtihani wa taifa, si baraza. Hiyo chumvi iliyomo nelini ni zinki. Mashapo meupe, ukizidisha dawa, yanayeyuka."

"Sijayaona."

"Si niliwaonyesha?"

"Ulituchorea ubaoni, mwalimu. Kwa chaki."

Mwalimu akatupa jicho mlangoni. "Chuo cha uuguzi unakitaka, hukitaki?"

Alikitaka kuliko chakula. Akaandika: *Hakuna badiliko. Chupa ina maji.*

Mkuu wa shule aliyasoma maneno hayo alipokuwa akifunga bahasha za mtihani. Akawaita ofisini wote wawili.

"Unaichafua shule, binti? Haya, mwalimu, chupani mlikuwa na nini?"

Binti akamgeukia mwalimu wake, moyo umetulia tuli. Mwalimu akavitazama viatu vyake mwenyewe.

"Kostiki, mkuu. Mtoto alikosea vipimo."

"Umesikia? Chuoni sikupendekezi ng'o. Nenda ukaoshe maabara." Akafungua kabati, akamtupia mche wa sabuni, mmoja wa ile ambayo mkewe huipika nyumbani na kuwauzia wanafunzi.

Sabuni ilikuwa mbichi, kostiki yake haijaiva. Ilimchoma viganja, ikateleza vidoleni kama ilivyopaswa kuteleza ile dawa ya chupani. Alipoichovya ndooni, maji ya kisima, yaliyojaa chokaa, yakachafuka. Mabongemabonge meupe yakatanda juu, mengine yakazama taratibu. Hakuwa amewahi kuona mashapo kwa macho yake.

Mwalimu alikuwa akipita mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "haya hapa."

Mwalimu akapandisha pindo la suruali, akapavuka palipolowa, akaenda zake.