Aliyetupakia Kwenye Lori

Yasiri alikuwa amemshika bibi Elena kidole gumba, anakipeleka polepole kwenye kisahani cha wino, bibi alipokivuta na kukificha ndani ya kanga.

"Soma tena," akasema. "Ile ya chini."

Yasiri akasoma, kwa sauti ileile ya upole aliyosomea tangu asubuhi. "Aliyetuchukua kwa lori na kutupeleka kambini tuandikwe wakimbizi ni Yasiri, diwani wetu wa Dranya."

"Hapana. Hiyo toa."

"Nikiitoa, bibi, karatasi haifai kitu."

Mambo yenyewe yalianza miaka tisa nyuma. Mvua ilikataa, mihogo ikakauka ardhini, na Yasiri ndiyo kwanza achaguliwe. Wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikuwa wakipokelewa kwa maelfu, wakipewa unga, maharage na mafuta. Nao walikuwa Wakakwa, wenye lugha moja na watu wa Dranya, majina yaleyale. Nani angewatofautisha? Akakodi lori, akapakia watu arobaini na watatu. Kambini wakabonyeza vidole kwenye mashine, wakarudi na magunia. Hakuna aliyekufa kwa njaa mwaka ule, na kwenye uchaguzi uliofuata Yasiri hakupata hata mpinzani.

Ila mashine haisahau kidole. Walipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, kila mmoja aliambiwa kwamba yeye ni mkimbizi. Mzee Kamisi, askari mstaafu, alirudishwa na hospitali mbili kwa kukosa kadi hiyo. Alizikwa mwezi wa Ramadhani. Sasa Patience, mjukuu wa Elena, alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha wauguzi mjini Arua. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumanne.

Wiki iliyopita Yasiri alipanda Arua Hill, kwenye ofisi ya vitambulisho, na bahasha ya maelezo ya watu wote wakiomba kufutwa kwenye orodha ya wakimbizi. Kila karatasi ilitaja njaa. Afisa, mama mmoja aitwaye Victoria, alizipitia zote bila haraka.

"Watu arobaini na watatu, siku moja, kambi moja," akasema. "Mheshimiwa, njaa haijui kuendesha lori. Nani aliwapeleka?"

Yasiri alijibu kwamba atauliza. Neno hilo lilimuumiza njia nzima ya kurudi nyumbani Koboko. Usiku ule aliandika maungamo yake mwenyewe, akayarudia mara tatu hadi yakanyooka. Lakini ya kwake peke yake hayakutosha. Victoria alitaka kila mtu ataje kwa kinywa chake, na faili iende yote pamoja.

"Wewe nataka kufungwa?" Elena aliuliza.

"Sitaki. Lakini Patience asome."

"Na wewe ukiwa ndani, nani atatusemea? Yule Aziz anayetaka kiti yako, iko na tumbo kubwa tu na redio?"

Patience, aliyekuwa akimenya karanga kando yao, akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye karanga alipoona bibi hacheki.

"Mwaka wa themanini," Elena akasema, "askari walikuja kwa jirani. Hawakumpiga hata kofi. Waliuliza jina tu, nani iko na mume aliyekuwa jeshini kwa serikali ile iliyoanguka. Akataja. Marino wangu alikuwa juu ya paa, anaezeka nyasi. Alishuka mwenyewe. Mimi hapana ona kaburi yake mpaka leo." Alikikunja kidole ndani ya ngumi. "Baada ya hapo sisi wote tuliobaki tuliapa. Ukiulizwa, unataja jina yako. Ya mutu mwingine, hapana. Sasa wewe, uliyenilisha, ndiyo nitaje?"

Yasiri akaiweka karatasi magotini. Baba yake mwenyewe alikuwa askari, na kiapo hicho alikijua kabla ya kujua kusoma. Nyumba nyingi alizoingia tangu asubuhi alikutana nacho, wengine wakikieleza, wengine wakifunga mlango tu.

"Bibi, wale walikuja kuua. Hawa wanataka karatasi."

"Wale pia walikuwa na karatasi."

Patience akapangusa mikono kwenye sketi, akasogea. "Mjomba, nipe ya kwangu."

"Patience!"

"Ulinibeba mwenyewe ukaniweka juu ya magunia," msichana alimwambia Yasiri, hamtazami bibi yake. "Nakumbuka. Nilifurahi." Akabonyeza. Alama ilitoka safi, kila mstari ukionekana.

Elena hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua sahani ya karanga alizokuwa amemwandalia mgeni, akaingia nayo ndani, akarudishia mlango. Walisikia kitasa.

"Hatanipa chakula leo," Patience akasema.

"Atakupa."

"Humjui."

Yasiri alihesabu. Kumi na nne zilikuwa zimebonyezwa. Kamisi angeondolewa kwa barua ya kifo, ambayo bado hakuwa ameiandika. Zilibaki ishirini na nane. Alijaribu nyumba mbili zaidi kabla jua halijazama. Ya kwanza walimpa maji na kuzungumzia mihogo. Ya pili mbwa alibweka, lakini mlango haukufunguliwa, ingawa moshi ulitoka jikoni.

Akafunika kisahani cha wino kisikauke. Karatasi ya Elena aliiweka juu ya zile nyingine, ili kesho aanze nayo.